Chumvi Haichagui Bati: Jinsi ya Kuokoa Pikapu Kuukuu Isiliwe na Kutu

(Maneno yaliyosemwa na afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wamiliki wa pikapu, wachuuzi wa samaki na mafundi wa jua kali)

 

Kazi yangu ni habari, wala mimi si fundi wa bodi. Haya ninayowaletea nimeyakusanya kwa mafundi wenyewe, na wengine wako hapa, watanisahihisha. Lakini sote tunajua kwamba katika Kaunti yetu ya Kilifi pikapu kuukuu si gari tu. Ni duka, ni karo ya shule, na usiku mgonjwa akizidiwa ndiyo ambulensi ya kijiji. Ikiozea barabarani, nyumba nzima husimama.

Tuanze na adui. Kutu hutokea chuma kinapokutana na maji na hewa. Chumvi huharakisha kazi hiyo, na tena huvuta unyevu, kwa hiyo bati halikauki vizuri hata siku isiyo na mvua. Ndiyo sababu gari linalofanya kazi Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi, au linaloshuka ufuoni kupakia samaki, huoza mapema kuliko lile la bara. Wachuuzi wa samaki mna mzigo wa ziada: barafu ikiyeyuka, yale maji ya chumvi hupenya chini ya turubai na kukaa hapo siku nzima.

Sasa, wapi pa kutazama? Msitazame boneti inayong'aa. Inama. Tazama ndani ya madigadi, chini ya milango, chini ya kapeti la miguuni, kwenye kona za bodi ya nyuma, na mahali bodi inapofungwa kwenye chesisi. Rangi ikivimba kama lengelenge, jua kutu iko chini yake tayari, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Gonga kwa mpini wa bisibisi. Bati zima hulia. Bati bovu hutoa sauti iliyokufa, au bisibisi hupenya.

Kama kutu ni ya juu juu, kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe. Osha na ukaushe kabisa. Kwangua kwa brashi ya waya, kisha piga msasa namba 80 mpaka uone chuma cheupe, na uvuke mpaka wa kutu uingie kwenye rangi nzima. Vaa barakoa na miwani, vumbi hilo si la kuvutwa. Vishimo vidogo vyeusi vikibaki, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosfori, ufuate maelezo ya kopo. Lainisha kwa msasa wa namba ya juu zaidi, futa kwa kitambaa chenye thina, kisha praima. Hapa ndipo wengi hukosea: praima ipakwe siku hiyo hiyo. Kwa unyevu wetu, chuma kilicholala wazi usiku mmoja huamka kimeanza kutu tena. Juu ya praima, paka rangi mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba. Miezi ya kaskazi isiyo na mvua, Januari na Februari, ndiyo mizuri kwa kazi hii.

Kama bati limetoboka, fila peke yake si dawa. Fila hunyonya unyevu, na kutu huendelea kula kwa nyuma huku wewe ukiona gari limepona. Sehemu mbovu ikatwe yote mpaka bati zima, kipande kipya kichomelewe, na upande wa ndani upakwe praima pia. Kabla ya kuchomelea, toa waya za betri, ondoa kapeti, na uweke kizimamoto karibu. Tangi la mafuta lisiguswe na moto hata kama ni tupu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani hulipuka.

Kuna sehemu mbili zisizo na mjadala: chesisi na paipu za breki. Chesisi ikitoboka ni kazi ya fundi mzoefu wa kuchomelea, si ya kupaka rangi. Paipu za breki za chuma zikiliwa na kutu, hupasuka siku umekanyaga kwa nguvu, yaani siku unayozihitaji zaidi. Wengi wetu hubeba watu nyuma ya mzigo. Fikiria hilo kabla ya kusema utabadilisha mwezi ujao. Pikapu za biashara hukaguliwa na NTSA kila mwaka, lakini kutu haingoji ukaguzi.

Kuhusu kinga, ni mambo manne. Kwanza, osha chini ya gari kila wiki, na siku ile ile ukitoka ufuoni. Tumia maji baridi ya bomba au ya mvua. Visima vingi vyetu vina maji ya chumvi. Ukioshea hayo unapalilia kutu. Pili, zibua vitundu vidogo vya kutolea maji vilivyo chini ya milango. Vikizibwa na matope, mlango huwa ndoo. Tatu, inua turubai kila jioni ili sakafu ikauke, na samaki wasafiri kwenye makasha yasiyovuja. Nne, pulizia nta ya kuzuia kutu ndani ya milango na chini ya bodi, urudie kila mwaka. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka, huharibu raba, na ikidondoka huingia ardhini na kwenye visima vyetu. Iacheni.

Na anayekwenda kununua pikapu kuukuu abebe sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Isiposhika, umenunua fila iliyopakwa rangi. Usitoe hela kabla hujalala chini na kutazama chesisi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kopo la praima na msasa ni gharama ya siku moja. Kubadilisha sakafu nzima ni gari kulala gereji wiki kadhaa, na wewe huna kazi. Leo jioni, kabla hujaegesha, inama utazame.

 Sasa mafundi wetu, karibuni mjibu maswali.