Mazungumzo kwa Watumishi wa Hospitali: Kinachombakisha Muuguzi Kazini



Mshahara ni haki ya mtumishi, wala haulipwi kwa maneno mazuri. Hata hivyo, wauguzi wawili wenye kipato kimoja na wodi moja huweza kutofautiana: mmoja akaipenda kazi, mwingine akaichoka. Inafaa kulijua linalowatenganisha.

Mwaka 1959, mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg na wenzake wawili walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200. Yaliyowachukiza kazini yalikuwa zaidi taratibu za ofisi na usimamizi mbaya. Malipo nayo yakawekwa katika fungu hilo. Yaliyowaridhisha yalikuwa kufanikiwa, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana na kazi yenyewe. Kwa hiyo, kuondoa kero ni jambo moja, na kuleta ridhaa ni jambo jingine.

Kwa upande wa wauguzi, uchunguzi uliochapishwa nchini humo mwaka 1983 ulizitaja hospitali 41 zilizowavuta wauguzi na kudumu nao, wakati nyingine zikipungukiwa. Humo muuguzi alishirikishwa katika maamuzi yahusuyo uuguzi, mkuu wa wauguzi alikuwa na sauti katika uongozi, na nafasi za kujiendeleza zilikuwapo.

Sababu yake yaonekana wodini. Muuguzi wa zamu ya usiku ndiye aonaye kwanza kuwa pumzi za mtoto zimebadilika. Akitoa taarifa akapuuzwa, usiku mwingine ataandika daftarini na kungoja asubuhi. Akisikilizwa, mtoto akapona, naye akaambiwa kuwa uangalifu wake ndio uliookoa, atakuwa macho zaidi zamu ijayo. Chanda chema huvikwa pete.

Lakini wito usigeuzwe kisingizio. Muuguzi aliyeachiwa peke yake wodi iliyojaa, bila ya glavu, hatoshelezwi na sifa. Analijua lililo sahihi, ila hana njia ya kulitenda. Na kadiri anavyoipenda kazi ndivyo anavyoumia.

Viongozi wanahimizwa, basi, kutimiza yote mawili: stahili na vifaa vifike kwa wakati, na rai ya muuguzi isikilizwe na kujibiwa. Wananchi nao wasisite kumshukuru aliyewauguza. Atakayenufaika kwanza ni mgonjwa.