Chakula cha Mtoto Shuleni ni Haki, si Hisani

(Hotuba ya wakili mbele ya wanamageuzi na waumini, Matasia)



Tumeombwa tuzungumzie elimu, nasi twaanza na sufuria. Kengele ya mchana ikilia, watoto wa darasa moja hugawanyika. Waliolipiwa chakula hupanga foleni. Wasiolipiwa hujitenga kando, ama huenda nyumbani kusiko na kitu. Saa nane mwalimu huwakuta wote mbele yake, naye hutakiwa awafundishe hesabu ile ile.

Wengi wenu mwayakumbuka maziwa ya Nyayo. Rais Daniel arap Moi aliyatangaza mwaka 1979, na mtoto wa shule ya msingi akapewa pakiti yake bila malipo. Hatuyadharau maziwa yale. Yalimfikia mtoto wa maskini sawa na wa tajiri. Lakini yalikuja kwa jina la mtawala, kama zawadi, na zawadi haidaiwi. Fedha zilipoadimika katika miaka ya 1990, mpango ulififia hadi ukakoma, wala mzazi hakuwa na sheria ya kushika mkononi akauliza: mbona?

Mwaka 2003 elimu ya msingi ilifanywa bila malipo. Waziri wa Elimu alikuwa mbunge wa hapa Kajiado Kaskazini, marehemu Profesa George Saitoti. Wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mlango ulifunguliwa, ila chakula kikaachiwa mzazi. Katika maeneo kame, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, lililoanza kulisha shule zetu mwaka 1980, lilikamilisha kuikabidhi Serikali kazi hiyo mwaka 2018.

Je, chakula chamsaidia mtoto kusoma, ama chamshibisha tu? Huko Embu, kuanzia mwaka 1998, watafiti walizifuata shule 12. Watoto wengine walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa kitu. Waliokula nyama waliwapita wenzao katika jaribio la kufikiri. (Wafugaji wa Kajiado, naona mwatabasamu.) Katika wilaya za Busia na Teso, chekechea 25 zilipewa uji na nyingine 25 hazikupewa, mahudhurio yakawa asilimia 36 kwa 27. Hata hivyo tusiwadanganye wazazi. Alama zilipanda pale tu palipokuwa na mwalimu aliyefunzwa vyema, tena shughuli ya kugawa uji ilimega saa za masomo. Anayetuahidi uji huku akiacha madarasa bila walimu ametupa nusu ya haki.

Sasa tuje kwenye sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Wakubwa wakiulizwa hukimbilia kifungu cha 21, kisemacho kwamba haki za kifungu cha 43 zitatimizwa hatua kwa hatua. Basi na wasome kifungu cha 53: kila mtoto ana haki ya lishe ya kimsingi. Kifungu cha 21 hakikitaji kifungu hicho hata kidogo. Mtu mzima aweza kuambiwa angoje kidogo. Mtoto wa miaka mitano, akingojeshwa, umri wa kukua wampita. Nayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yakataza mtoto kunyimwa masomo katika shule ya umma kwa kutolipiwa ada za ziada, na yataka kila mchango upewe risiti rasmi. Hatusemi haya ili mkamvamie mwalimu mkuu. Yeye ana ghala tupu na wazazi waliopoteza ng'ombe katika ukame wa 2020 hadi 2022.

Mpaka wa Nairobi hauko mbali na hapa. Ng'ambo yake, tangu mwaka 2023, mtoto wa shule ya umma aliyeandikishwa katika mpango wa Dishi na County hula mchana kwa shilingi 5. Nao pia twauuliza swali lile la maziwa: gavana akiondoka, sufuria itabaki?

Ndiyo maana twataka chakula kiandikwe katika bajeti na katika sheria za kaunti. Msikubali kurushwa huku na huku: kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, chekechea ni kazi ya kaunti, na shule ya msingi ni ya Serikali ya Taifa. Mkakati wa fedha wa kaunti hufikishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Sheria yaamuru maoni ya wananchi yasikizwe.

Kwa hiyo twaomba kila kanisa liteue watu wawili. Wazungukie chekechea za umma zilizo karibu, wahesabu watoto wasiokula mchana, bila kuandika jina la mtoto yeyote, kisha hesabu hiyo wamkabidhi katibu wa mkutano huu kabla ya Februari. Sisi mawakili tutauandika waraka bila malipo, nasi tutakwenda nanyi Kajiado kuuwasilisha.