Mguu Usiouma

Msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna mtu mwenye kisukari, leo naomba tuizungumzie miguu yake. Sukari yake inapimwa na kuandikwa kwenye daftari kila siku ya kliniki. Miguu mara nyingi inarudi nyumbani ndani ya viatu vilevile ilivyokuja navyo, hakuna aliyeitazama.

Tuseme ni mama mwenye genge, anaishi na kisukari miaka mingi. Asubuhi moja kifundo cha mguu wake wa kulia kimevimba, kiatu hakiingii. Ngozi inang'aa, na ukiigusa ina joto kuliko ya mguu wa kushoto. Lakini hauumi, au unauma kidogo tu, basi anavaa kandambili na kwenda gengeni. Jirani anasema atakuwa amejigonga. Mwingine anasema ni gauti. Jioni binti yake anamwekea maji ya moto yenye chumvi aloweke, kisha anamkanda. Siku akienda hospitali, picha ya eksirei haionyeshi kitu, anapewa vidonge vya kutuliza maumivu na kuambiwa apumzike kidogo.

Huenda mifupa ya mguu huo imeshaanza kusagika. Sukari ikikaa juu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, na miguu hufa ganzi. Mfupa unapata ufa, mwenyewe hasikii, anaendelea kuukanyagia. Ufa unakuwa mvunjiko, maungio yanaachana, na unyayo uliokuwa na upinde unabonyea hadi unatokeza kwa chini. Hapo kwenye nundu ndipo kidonda hufunguka, usaha huingia hadi kwenye mfupa, na habari ya kukata mguu huanza. Madaktari wanauita mguu wa Charcot, kwa jina la Jean-Martin Charcot wa Ufaransa, aliyeeleza uharibifu wa namna hii mwaka 1868 kwa wagonjwa wa kaswende iliyofika kwenye uti wa mgongo. Mwaka 1936 ndipo ulipohusishwa na kisukari.

Tiba yake kubwa ni kuunyima mguu huo nafasi ya kukanyaga. Unafungwa P.O.P, ile ambayo wengi wetu tunaiita hogo, lakini hii hufungwa kwa uangalifu wa pekee. Fundi huweka soksi laini na pamba kwenye vidole na kwenye vifundo, kisha plasta huviringishwa ikifuata umbo la mguu, kuanzia vidoleni hadi chini kidogo ya goti. Hatakiwi kuacha mkunjo hata mmoja ndani, kwa sababu mkunjo utachimba ngozi na mgonjwa hatasikia. Siku chache baadaye uvimbe umepungua, plasta imelegea, inakatwa na kufungwa nyingine. Hivyo hivyo, wiki moja au mbili kila safari, kwa miezi mitatu, sita, wakati mwingine hata zaidi. Daktari anapima joto la miguu yote miwili. Tofauti ikiwa bado nyuzi 2 za selsiasi au zaidi, mifupa haijatulia.

Ujuzi huu ulitoka kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari wa upasuaji Paul Brand, akifanya kazi Vellore, India, alitambua kwamba miguu yao iliharibika hasa kwa kukosa maumivu: waliukanyagia mguu wenye jeraha kana kwamba ni mzima. Baadaye, akiwa Carville, Louisiana, maarifa hayo yakawafikia wagonjwa wa kisukari wa Marekani. Nasi tunayo ya kwetu. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Tunasema panya huuma na kupuliza. Mguu wenye ganzi hauna haja ya kupulizwa.

Kifundo cha mguu kikishalegea kabisa, mtu anatembelea pembeni ya mguu, P.O.P peke yake haitoshi. Daktari wa mifupa hulazimika kuunganisha mifupa kwa chuma. Ni upasuaji mzito, hupona polepole, na haufanyiki kila hospitali. Kukiwa na usaha, mgonjwa hapaswi kusubiri zamu ya wiki ijayo: usaha utolewe siku hiyo hiyo, dawa za kuua vijidudu zianze, na ichunguzwe kama damu inafika mguuni. Wapo watakaokatwa mguu ili wabaki hai, na hilo tusiwafiche. Ila wengi wanakatwa kwa sababu walichelewa, na walichelewa kwa sababu haukuuma.

Ndiyo maana nashikilia kwamba kila kliniki ya kisukari iwavue watu viatu. Ni kazi ya dakika chache. Mgonjwa afumbe macho, muuguzi amguse ncha za vidole kwa wepesi, amuulize kama anasikia. Hakuna mashine inayohitajika. Na gharama ya plasta inayobadilishwa kila mara isiachiwe familia, maana familia ikishindwa nauli wiki ya tatu, plasta iliyolegea itamtia kidonda.

Na sisi wa nyumbani tuna sehemu yetu. Huyu mama hawezi kukaa miezi sita ilhali genge halina mtu na mchezo wa kila wiki unamdai. Lazima mtoto au mdogo wake ashike genge. Tukimwona na hogo bila maumivu, tusimwambie anadeka.

Msikilizaji, ukiuona mguu wa namna hiyo leo, usiukande, usiuloweke. Mkalishe, mtafutie usafiri, asiende kwa miguu. Mkifika mapokezi semeni hivi: ana kisukari, mguu mmoja umevimba na una joto kuliko mwingine, tunaomba aonwe leo.