Kabla ya kutaja bei

Maneno ya afisa wa utamaduni katika kikao na wazee wa kaya, akina mama wasusi na vijana waelekezi wa wageni, Kaunti ya Kwale.

Wazee wetu wa kaya, mama zangu, vijana, itifaki nyingine naomba tuichukulie imezingatiwa, maana jua lishapanda na wengine mmeacha ukili nusu nyumbani.

Tangu nishuke garini nimeulizwa swali moja tu: soko litakuja lini? Nitalijibu, lakini acheni nianzie Kaya Kinondo, hapo kusini mwa Diani. Tangu mwaka 2001 wenyeji wa Kinondo wanapokea wageni kwa malipo. Msitu wenyewe si mkubwa, ni kama hekta 30. Hamna simba, hamna ndovu. Mgeni akifika hufungwa kaniki kiunoni, huvua kofia, huambiwa humo ndani hakuna kukumbatiana wala kubusiana, na akitoka hatoki hata na jani moja. Kijana wa pale pale ndiye humtembeza na kumweleza mti upi ni dawa ya nini. Mwaka 2008 UNESCO ilipoziingiza kaya za Mijikenda katika Urithi wa Dunia, Kinondo ilikuwa mojawapo.

Mimi naona biashara ya Kinondo imo katika yale makatazo. Miti mgeni ameiona kwingine. Anacholipia ni kuingia mahali penye wenyewe, na wenyewe wakisema hapana, inakuwa hapana.

Upande wa pili jirani zetu Wagiriama wanaujua. Vigango, zile nguzo za kuchongwa za kuwakumbuka wazee wa Gohu, viling'olewa vikauzwa, vikaishia kwenye makumbusho na majumba ya matajiri huko Marekani. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa Kilifi, baada ya kupotea zaidi ya miaka 20. Aliyeving'oa sidhani pesa zile zilimpeleka mwezi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza halina gharama. Kila kikundi kikae na wazee wake, kiandike orodha mbili: vya kuuza, na visivyouzwa kwa bei yoyote. Ngoma ya harusi hotelini, sawa, wazee wakiridhia. Ngoma ya kumtibu mgonjwa, ichezwe watu wakila chakula cha jioni? Mimi ningekataa, lakini si mimi wa kuamua.

Sheria iko upande wenu. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Mtu akitaka kutumia ya kwenu kwa biashara, lazima kwanza awaeleze anataka kufanya nini, mkubali, na mkubaliane mtakachopata. Serikali za kaunti zimepewa kazi ya kuyaandikisha maarifa hayo. Akija mtu na kamera na karatasi ya kutia sahihi, msitie siku hiyo hiyo. Ileteni tuisome pamoja.

Sasa mama zangu, mikeka. Tufanye hesabu ya mfano. Miyaa ya shilingi 200, rangi ya 100. Umesuka ukili na kushona siku nne. Dalali anakupa 600, unamshukuru. Toa gharama, zimebaki 300. Gawa kwa siku nne: shilingi 75 kwa siku. Kibarua wa kupalilia shamba hakubali hizo! Na hapo sijahesabu ule mwendo wa kwenda kukata miyaa, wala mgongo. Wengi wetu huuza bila kujua kwamba tunamlipa mnunuzi achukue. Nunueni daftari la kikundi, kila mkeka uandikwe: malighafi, siku, bei.

Tena, tujihadhari na mali kauli. Nakijua kikundi kilichotoa vikapu 40 kwa duka moja, jina nalihifadhi, kwa ahadi ya kulipwa vikiuzwa. Hakukuwa na karatasi. Mwenye duka alipohama, akina mama walikuta mlango umefungwa. Mali kauli si haramu, lakini iandikwe: idadi, bei, siku ya kulipa, na robo ya pesa mkononi kabla mzigo haujaondoka.

Kuhusu soko. Sitawaahidi ndege za wageni, kwa sababu siziendeshi mimi. Diani iko karibu na wageni wapo, lakini hoteli inayotaka mikeka 60 ya kipimo kimoja haiwezi kuzungumza na mama mmoja mmoja, na dalali anaishi kwa sababu hiyo. Kikundi kilichosajiliwa kwa afisa wa maendeleo ya jamii, chenye akaunti ya benki na kipimo kimoja, kinaweza kuketi na meneja. Baadaye mnaweza kuomba alama ya pamoja katika taasisi ya KIPI, ili jina la mikeka yenu lisitumiwe na asiyesuka.

Vijana, nyinyi mnaojua simu, msiwaandikie mama zenu bei. Kaeni nao muhesabu.

Fomu za kuandikisha maarifa ninazo hapa. Wazee wa kaya watakaa nami kwanza, kisha wasusi. Mwenye mkeka aliokuja nao asiuze njiani, auweke mezani tuupigie hesabu sote.