NGUVU ZA MTO NA NGUVU ZA WANACHAMA

Maneno ya Katibu wa Chama cha Msingi mbele ya Mkutano wa Miaka Kumi, Magogoni, Dar es Salaam



Waliotutangulia wamekwisha kueleza mazao tuliyouza Kariakoo na madeni tuliyoyalipa kwa miaka kumi. Sisi twapenda kusema juu ya maji.

Mji huu tulimokutana hupata sehemu kubwa ya maji yake katika Mto Ruvu, na mto huo huzaliwa katika milima ya Uluguru, huko huko zitokako kabichi na karoti zetu. Dar es Salaam iliona umeme tangu mwaka 1908, Wajerumani walipowasha taa kwa ajili ya karakana za reli na sehemu ya mji. Lakini juu milimani, penye chemchemi zenyewe, wako wanachama wetu ambao hata leo wanawe husoma kwa kibatari. Hatusemi haya kwa kulaumu. Serikali imefikisha waya karibu katika vijiji vyote vya Tanzania Bara, na hiyo si kazi ndogo. Walakini vitongoji ni zaidi ya 64,000, na vingi bado vyangoja. Wajumbe wa milimani wanajua tunalosema: nguzo zimefika penye ofisi ya kijiji, zikasimama, mlima uliobaki hazijaupanda.

Ndiyo sababu mkutano huu umeletewa hoja ya kutoa sehemu ya akiba yetu ili kujenga mtambo mdogo wa umeme wa mto. Wako wanaouliza, kijito kile kitafaa nini, nchi ikiwa na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 katika Mto Rufiji? Wahenga wamekwisha kutujibu: maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Tuitazame hesabu yake. Nguvu ya maji hutokana na mambo mawili: wingi wake na kimo cha kuanguka kwake. Maji hayafungwi kwa bwawa kubwa. Huwekwa banio mtoni, yakaongozwa kwa mfereji mpaka birika lililo juu ya mteremko, kisha yakashuka kwa bomba na kuzungusha gurudumu la mtambo, nalo likazungusha jenereta. Yakimaliza kazi hurudi mtoni, hayakupungua. Lita 100 kwa kila sekunde, zikianguka mita 50, zina nguvu ya kilowati 49. Tukiondoa yanayopotea katika bomba, mtambo na nyaya, zitatufikia kama kilowati 30. Hizo zatosha nyumba 300 usiku, kila moja ikitumia wati 100, na mchana zatosha kuendesha mashine mbili za kusaga.

Lakini maji hayohayo yakishuka hadi lita 30 katika mwezi wa kumi, kilowati 30 huwa 9. Hapo ndipo yatupasa kuungama kosa letu. Katika mwaka wa nne wa chama chetu cha msingi tulichanga fedha, tukaweka gurudumu dogo la kusagia. Tuliupima mto mwezi wa nne, wakati wa masika, tukafurahi. Kiangazi kilipokuja gurudumu likasimama. Mvua ziliporudi likazunguka tena, mpaka beringi ilipokatika. Na katika sanduku hapakuwa na fedha ya kununua nyingine, kwa kuwa hatukuwa tumeweka hata senti moja ya matengenezo. Gurudumu lile li pale hadi leo, kuku hulala juu yake. Mto haukutunyima kitu. Sisi wenye madaftari ndio tuliokosa.

Wenzetu wamefanya vizuri zaidi, na yafaa tujifunze kwao. Huko Matembwe, Njombe, wanakijiji wamekuwa na kampuni yao ya kijiji tangu miaka ya 1980, wakisaidiwa na shirika la CEFA la Italia, na umeme wa mto ni mojawapo ya kazi zake. Huko Mawengi, wilaya ya Ludewa, uko mtambo wa kilowati 300, na watumiaji wenyewe wakaunda chama chao kiitwacho LUMAMA kuuangalia. Huko Tulila, katika Mto Ruvuma, masista Wabenediktini wa Chipole walimaliza mwaka 2015 mtambo wa megawati 5. Wote hawa walipata msaada wa wageni katika kujenga. Lakini mgeni hurudi kwao. Anayebaki na mtambo ni yule anayetoza ada, anayeandika daftari na kuzibua mfereji usiku wa mvua. Kazi hiyo ndiyo ushirika.

Basi, twaomba hoja ipite, walakini kwa masharti matatu.

La kwanza, mto upimwe kiangazi, mwaka mzima upite kabla ya kununua bomba hata moja. Kadhalika tuombe kibali cha maji kwa Bodi ya Bonde, na kuandikisha mtambo EWURA.

La pili, kila anayewasha taa alipe, mwenyekiti na katibu wakiwa wa kwanza, na sehemu ya kila malipo iwekwe kando kwa matengenezo tu. Fedha hiyo isikopeshwe mtu, hata kwa msiba.

La tatu ni gumu zaidi. Chanzo lazima kilindwe. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wako kati yetu wenye bustani za kiangazi ndani ya mita hizo, na wengine wamepanda mikaratusi penye chemchemi. Twajua bustani hizo hulipa ada za shule. Lakini twakumbuka pia mwaka 1955, watu wa Uluguru walipoyakataa matuta ya kulazimishwa na serikali ya kikoloni. Udongo ulihitaji kulindwa kweli. Ila amri ilishuka toka juu, na mwenye jembe hakuulizwa. Kwa hiyo tusipeleke mgambo. Wanaoacha bustani zao wafidiwe kwa mashamba au kwa fedha za mtambo, na wawe wajumbe katika kamati ya chanzo.

Mwaulizwa pia: waya za TANESCO zikifika kesho, fedha yetu haitapotea? Swali ni la haki. Kanuni za miradi midogo zinaruhusu mtambo kuuza umeme wake kwa TANESCO waya zinapofika. Lakini mtambo uliokufa hauna cha kuuza, na usio na hesabu safi hautapata mnunuzi. Kwa hiyo njia ya kuilinda akiba yetu ni ileile ya kuulinda mto: kupima, kuandika, kulipa.

Ndugu wajumbe, kesho mtapanda basi kurudi nyumbani. Mkivuka daraja la Ruvu, yatazameni yale maji. Yametoka kwetu, yakapita milangoni mwetu gizani. Hatuombi yasifike mjini. Twaomba tu kwamba kabla ya kwenda, yatufanyie kazi kidogo.

Ushirika na udumu.