Hotuba ya Ijumaa: Jirani Kabla ya Nyumba

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeitandaza ardhi ikawa makao yetu na Akaweka ndani yake riziki zetu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila anayewafuata kwa wema hadi Siku ya Malipo.

Amma baad. Ndugu Waislamu, tunakuusieni, na kabla yenu tunaziusia nafsi zetu, kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri, kwani mcha Mungu hapotei njia.

Leo tutasema juu ya kuchagua mahali pa kukaa. Huenda wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la madalali, wala si jambo la mimbari. Lakini mtu hufika mjini Jumatatu kwa kutafuta kazi, na kabla ya Jumamosi amekwisha kupanga chumba, na kwa chumba hicho amekwisha kuwachagulia watoto wake marafiki, lugha, maji ya kunywa na hewa ya kuvuta. Jambo lenye uzito huo haliwezi kukosa hukumu katika dini yetu.

Na hapa petu jambo hili ni zito zaidi. Almasi iligunduliwa Mwadui mwaka 1940 na Daktari John Williamson, mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, na pakajengwa mji ndani ya uzio, wenye nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule na uwanja wa ndege. Nje ya uzio kukakua Maganzo na vijiji vya jirani. Huko Geita mgodi mkubwa wa dhahabu ulifunguliwa mwaka 2000, na mwaka 2012 Geita ikawa mkoa. Watu wamemiminika kutoka kila upande. Palipokuwa shamba la pamba jana, leo pana karasha, maduka na nyumba za wageni. Katika mbio hizo, wengi huuliza swali moja tu: kodi ni kiasi gani? Sisi tunasema kwamba kabla ya swali hilo yako mengine manne.

Swali la kwanza ni hili: jirani ni nani? Waarabu wana msemo wa kale usemao jirani kabla ya nyumba. Wanavyuoni wameona maana hiyo katika dua ya Bibi Asiya, mke wa Firauni, ambayo Qurani imeihifadhi katika Sura ya Tahrim. Bibi huyo alikuwa akikaa katika jumba la mfalme, lakini jirani yake alikuwa dhalimu. Alipomwomba Mola wake nyumba Peponi, alitaja kwanza kuwa karibu Naye, kisha ndipo akaitaja nyumba. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametueleza kwamba Jibrili hakuacha kumuusia juu ya jirani mpaka akadhani kwamba atamfanya kuwa mrithi.

Basi kabla ya kulipa kodi, nenda mtaa huo mchana, kisha urudi usiku. Sikiliza kinachosikika. Tazama vijana wanakaa wapi na wanafanya nini. Jiulize: nikipiga yowe usiku wa manane, nani atatoka? Sisi watu wa Usukuma na Unyamwezi twaijua thamani ya yowe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa sehemu hizi walijikusanya katika sungusungu ili kuilinda mifugo yao dhidi ya wezi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na ndugu aliye Kigoma hawezi kukuzimia moto ulioshika nyumba yako Maganzo.

Swali la pili: ardhi yenyewe ni salama? Uislamu umetukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu. Tarehe 7 Novemba 2022, ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likaenea nje ya eneo la mgodi, likafunika makazi na mashamba ya watu. Hatusemi haya kwa kumlaumu aliyefikwa na mtihani, maana wengi walikuwa wakiishi katika ardhi ya baba zao. Tunayasema kwa yule anayekuja leo na ana hiari ya kuchagua. Na auulize mteremko: maji ya mvua yanatoka wapi, na yanakwenda wapi? Juu yangu kuna nini?

Kwa anayekwenda kwenye dhahabu, na aulize juu ya zebaki. Wachimbaji wadogo huitumia kukusanya chembe za dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake ni sumu inayodhuru ubongo na figo, nayo ni kali zaidi kwa watoto na kwa mimba. Usipange chumba jirani na mialo na mahali pa kuchomea, wala usiichome zebaki katika jiko la nyumbani kwako. Na maduara yaliyoachwa wazi yamewameza watu na mifugo. Aidha uliza juu ya maji. Visima vingi vya mkoa wa Shinyanga vina floraidi nyingi, nayo huyatia meno ya watoto rangi ya kahawia na ikizidi hudhuru mifupa. Tangu mwaka 2009 maji ya Ziwa Victoria yamefika kwa bomba katika miji ya Shinyanga na Kahama. Basi anayechagua mtaa na aulize kama bomba hilo limefika hapo.

Swali la tatu: ninakaa hapa kwa haki gani? Aliyepewa nyumba na mwajiri ashukuru, lakini akumbuke kwamba nyumba ya kazi huondoka pamoja na kazi. Wako waliozeeka ndani ya nyumba za kampuni, na siku ya kustaafu hawakuwa hata na kiwanja. Aweke akiba mapema. Na anayenunua kiwanja asitosheke na maneno ya dalali. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, nayo haiwezi kuigawa bila ya idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Nenda ofisini, uliza mbele ya mashahidi, na uandikiane, kama tulivyoamrishwa kuandikiana katika madeni. Anayechukua shubiri moja ya ardhi kwa dhuluma ameonywa na Mtume kwamba atavishwa mzigo wake Siku ya Kiyama. Sala haimwondolei mtu deni la kiwanja alichomnyang'anya yatima.

Swali la nne: msikiti na madrasa viko wapi? Mtume alipohamia Madina, miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kujenga msikiti. Baba anayechagua mtaa ambao mtoto hawezi kwenda chuoni na kurudi kwa miguu yake, amechagua bila ya kujua kwamba mtoto huyo hatasoma.

Lakini hapa, ndugu Waislamu, pana jambo la kuzingatia sana. Kabila la Banu Salima walikuwa wakikaa mbali na msikiti wa Madina, wakataka kuhama ili wawe karibu. Mtume akawataka wabaki mahali pao, akawapa habari njema kwamba kila hatua yao inaandikwa. Na imepokewa kwamba hakupenda pembe za Madina ziachwe tupu. Tazameni hekima hiyo! Kama kila mwenye elimu na kila mwenye uwezo atahamia mtaa ulio bora, nani atabaki kufundisha katika mtaa ulio dhaifu? Nani atasimama yowe likipigwa huko?

Basi yule anayeihofia dini yake na watoto wake ana ruhusa ya kuhama. Yule mtu aliyeua watu mia, kisha akataka kutubu, aliambiwa na mwanachuoni auache mji wa shari aende kwa watu wema. Lakini yule ambaye Mungu amempa nguvu ya kutengeneza, na asikimbie. Mtaa mwema haushuki kutoka mbinguni. Hujengwa na majirani.

Na tuseme wazi katika nchi yetu hii. Katika Kanda ya Ziwa wameuawa akina mama wazee kwa sababu ya macho mekundu, ilhali macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wakiwapikia wajukuu zao. Wameuawa na kukatwa viungo ndugu zetu wenye ualbino, kwa sababu ya mtu aliyeahidiwa utajiri wa dhahabu. Waliwindwa wapi? Ndani ya mitaa, mbele ya majirani. Haimfai mtu kuuliza kama majirani ni wema, na yeye akawa ananyamaza wanapomnong'ona bibi kizee wa nyumba ya tatu.

Vilevile uzio wa mgodi haufuti haki ya jirani. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra, iliyokuwa na hisa nyingi katika mgodi wa Mwadui wakati huo, ilitangaza maafikiano ya pauni milioni 4.3, ikiwemo gharama za sheria na miradi ya jamii, juu ya madai ya watu 71 waliolalamika kuumizwa na kudhulumiwa huko. Aliye nje ya uzio asiingie kuchukua kisicho chake. Aliye ndani, mlinzi au mkubwa wake, ajue kwamba damu ya jirani ni nzito kuliko almasi yote iliyomo ardhini.

Ndugu Waislamu, unapotafuta nyumba, fanya istikhara, kisha ushauriane na mkeo, maana yeye ndiye atakayeshinda hapo. Na ukiisha kuhamia, bisha hodi kwa majirani wa kulia na wa kushoto, Waislamu na wasio Waislamu, uwatolee salamu zako. Jirani wa karibu na jirani wa mbali wote wametajwa katika Sura ya Nisaa.

Ewe Mola wetu, tujaalie majirani wema, na utujaalie sisi kuwa wema kwa majirani zetu. Waponye waliofikwa na misiba, walinde wazee wetu na wenye ualbino, na uibariki ardhi yetu kwa kilicho juu yake na kilicho chini yake. Amin.

Wassalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.