Pesa za Kutunza Lami Zitunze Lami

Magavana wamesema, wabunge wamejibu, kesi zimefika mahakamani, na wasikilizaji wa Garbatulla, kaunti ya Isiolo, wamesikia yote. Sh10.5 bilioni za ushuru wa matengenezo ya barabara zimegombaniwa: zishikwe na kaunti, au zibaki mikononi mwa mashirika ya kitaifa na maeneobunge. Kituo hiki hakitarudia nani alimjibu nani. Kinachokitia wasiwasi ni kwamba katika kelele zote hizo ni nadra kusikia kiongozi akiuliza lami iliyopo itapakwa upya lini, na nani atakayeipaka.

Ushuru huu ulianzishwa kwa sheria ya 1993, na kazi yake iliandikwa wazi: kutunza barabara. Tangu Julai 2024 ni Sh25 kwa kila lita ya petroli au dizeli, kutoka Sh18. Mwendesha bodaboda wa Garbatulla anayetia lita 4 amelipa Sh100 za kutunza barabara kabla hajabeba abiria hata mmoja. Lori la miraa linaloteremka kutoka Maua kupitia Kinna linalipa. Gari linalochukua maziwa ya ngamia Kulamawe, ili akina mama wa ushirika wa Anolei wayasafirishe hadi Nairobi, linalipa. Wanalipa sawasawa na mwenye gari wa Thika Road, ila yeye anakanyaga lami na wao wanameza vumbi.

Kisha mwaka 2025 serikali ikaamua kwamba Sh7 katika kila Sh25 hizo zitumike kupata mkopo wa kulipia madeni ya wakandarasi, yapatayo Sh175 bilioni. Wakandarasi wamefanya kazi na wanastahili kulipwa. Lakini pesa za kutunza zikilipa deni la kujenga, kutunza kunabaki bila pesa.

Na lami haingoji.

Lami ni mafuta mazito yanayobaki baada ya mafuta ghafi kusafishwa. Jua na hewa huikausha mwaka baada ya mwaka: weusi wake unapauka, inakuwa ngumu, halafu inapasuka. Mfugaji yeyote wa Waso anajua kinachoipata kamba ya ngozi isiyopakwa mafuta. Ufa mwembamba kama uzi haumtishi mtu wakati wa kiangazi. Mvua za ganna zinapoanza, maji yanapenya humo, yanalainisha tabaka la chini, malori ya mifugo yanapita juu, na shimo linafunguka. Penye udongo mweusi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, uharibifu unakwenda mbio zaidi.

Dawa inajulikana, wala si ngeni nchini Kenya. Barabara inafagiliwa hadi vumbi liishe, nyufa zinazibwa, mashimo yanakatwa na kujazwa. Kisha lami nyembamba inanyunyizwa juu, iwe ya moto au iliyochanganywa na maji kiwandani, na kokoto safi zinamwagwa na kushindiliwa kwa mashine ya magurudumu ya mpira. Barabara ikiwa bado nzima, hata mpako wa lami peke yake, usio na kokoto, huiongezea maisha. Kazi hii hurudiwa baada ya miaka 7 hadi 10 hivi, kutegemea jua na uzito wa magari. Inataka fundi anayejua kipimo. Lami ikizidi, barabara inateleza. Ikipungua, kokoto zinang'oka wiki ya kwanza. Vumbi likibaki, mpako wote unabanduka. Na hapa pana jambo ambalo viongozi hawapendi kulisikia: mpako hauongezi nguvu ya barabara. Tabaka la chini likishaoza, kupaka juu ni kutupa pesa. Kwa hiyo kazi ifanywe mapema, wakati barabara bado inapendeza na hakuna anayelalamika.

Hesabu zake ni za zamani. Mwaka 1988 Benki ya Dunia ilichapisha ripoti kuhusu nchi 85 zinazoendelea na kukuta kwamba barabara zenye thamani ya dola bilioni 45 zilikuwa zimepotea kwa kukosa matengenezo. Dola zisizofika bilioni 12, zikitumiwa kwa wakati, zingeziokoa. Shirika la barabara kuu la Afrika Kusini nalo lilikadiria kwamba barabara ikiachwa miaka 3 gharama ya kuitengeneza inakuwa mara 6, na ikiachwa 5 inakuwa mara 18. Sasa ni nani atakayelipa mara 18 Garbatulla? Nairobi haikulipa hata mara moja kwa miaka 50.

Hilo kituo hiki kimeshalisema na kitaendelea kulisema. Waraka wa Serikali Nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza pesa za maendeleo kwenye maeneo yaliyohesabiwa kuwa na rutuba, mvua na njia za usafiri, na kaskazini ikaachwa. Lami ya kwenda Moyale ilikuja kipande kwa kipande. Kipande cha kwanza, Isiolo hadi mto Merille, chenye kilomita 136, kilianza kujengwa 2007, na Moyale ilikuja kuunganishwa karibu miaka 10 baadaye. Waliozaliwa siku ya uhuru walikuwa wanapata wajukuu. Sasa kipande hicho cha kwanza ndicho kilichokaa juani muda mrefu kuliko vyote, na kinahitaji kupakwa kwa ratiba, bila kungoja ziara ya waziri.

Upande wa mashariki kuna ahadi kubwa zaidi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa mradi wa njia ya Isiolo, Kulamawe, Modogashe, Wajir, El Wak hadi Mandera, kilomita zipatazo 740. Barabara nyingi ndani ya kaunti ndogo ya Garbatulla bado ni changarawe na mchanga, na wapo watakaosema kuzungumzia mpako wa lami hapa ni kumtafutia mtoto jina kabla ya posa. Wanakosea. Mkataba wa matengenezo usiposainiwa pamoja na mkataba wa ujenzi, ni rahisi usisainiwe kabisa. Tena barabara nyingi za vijijini zilizopewa lami miaka ya karibuni zimepewa tabaka jembamba, na lami nyembamba isiyopakwa upya hufa mapema. Utepe unakatwa siku moja, picha zinapigwa, na kaskazini inasahauliwa tena, kama ilivyoandikwa 1965.

Uzito nao hausemwi vya kutosha. Majaribio makubwa yaliyofanywa Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikibebeshwa uzito mara mbili, madhara kwa barabara yanakaribia mara 16. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 56 kwa lori la ekseli 7. Anayezidisha anakula barabara ya jirani yake.

Wenye nyua za lami, kuanzia vituo vya mafuta hadi hospitali na majumba ya Isiolo mjini, nao wana zamu yao. Dizeli inayodondoka huyeyusha lami, basi isafishwe siku hiyo hiyo. Uani nako ufa uzibwe kabla ya mvua, na kazi apewe mkandarasi aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Aulizwe pia anapaka nini. Mipako iliyotengenezwa kwa lami ya makaa ya mawe ilipigwa marufuku mjini Austin, Texas, mwaka 2006, baada ya sumu yake kugunduliwa kwenye matope ya vijito. Mahali ambapo watu na ngamia wanakunywa silanga moja, sumu kama hiyo isikaribishwe.

Basi yafanyike haya. Shilingi 25 zirudi kazini mwake. Kila kilomita ya lami itakayofika Garbatulla ije na tarehe ya kupakwa upya, jina la atakayeipaka na fungu la pesa, vyote vikiwa vimebandikwa mahali ambapo raia ataviona. Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na Katiba, kifungu cha 201, inampa mwananchi nafasi ya kusema. Watu wa Kinna, watu wa Sericho, watu wa Garbatulla, nendeni kwenye vikao hivyo! Nendeni wazee, nendeni akina mama wa maziwa, nendeni vijana wa bodaboda. Mwakilishi wadi akisimama kuahidi barabara mpya, mwulizeni mbele ya watu wote: ya zamani inapakwa lini? Asipojibu, asiketi.